Jengo la Mionzi Lijengwe kwa Miaka Hamsini

Kila inapotangazwa kwamba hospitali fulani itapata mtambo wa kutibu saratani kwa mionzi, wananchi hufurahi, nao wana haki ya kufurahi. Bei ya mtambo hutajwa, nchi ulikotengenezwa hutajwa, na picha yake hupigwa kutoka kila upande. Siku ya sherehe wakubwa huonyeshwa jinsi kichwa chake kinavyozunguka juu ya kitanda. Lakini hatukumbuki kuona picha ya ukuta. Wageni hupita kando yake katika ujia mwembamba uliopinda, wakiulizana kwa nini njia ya kuingilia chumbani imefanywa ndefu namna ile, kisha hutoka nje na ukuta ukasahauliwa.

Leo twapenda kuzungumza juu ya ukuta huo. Maana ukuta ndio unaoamua ni mashine gani zitakazoweza kutumiwa mahali pale kwa muda wa nusu karne, ni wagonjwa wangapi watakaopokewa, na litatokea jambo gani siku mashine itakapoharibika. Mtambo ukitunzwa vizuri hudumu miaka 15 hivi. Kisha huondolewa ukaletwa mwingine. Zege halihamishwi.

Kwanza yafaa tuseme ni watu wangapi wanaongojea nyuma ya jambo hili. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake Watanzania zaidi ya 40,000 walipatwa na maradhi hayo. Kwa wanawake, iliyoongoza ni saratani ya mlango wa kizazi, na aliye na ugonjwa huo ukiwa umekwisha kusambaa kiasi cha kutowezekana upasuaji, tegemeo lake kubwa ni mionzi pamoja na dawa. Wataalamu wa dunia wanakubaliana kwamba karibu nusu ya wagonjwa wote wa saratani huhitaji mionzi wakati mmoja au mwingine wa matibabu yao. Tukifanya hesabu nyepesi, nusu ya 40,000 ni 20,000. Mashine moja, ikifanya kazi bila kusimama, yaweza kuhudumia wagonjwa 450 hadi 500 kwa mwaka. Kwa hiyo kama wagonjwa wote wanaostahili wangefika hospitali, Tanzania ingehitaji mashine kama 40. Hatuna hata robo ya hizo. Tena tukumbuke kwamba wengi hawafiki, na wale wasiofika hawahesabiwi katika foleni yoyote.

Historia ya tiba hii nchini mwetu imefungamana na mahali pamoja. Mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua huko Ujerumani mionzi inayopenya mwilini, Wajerumani wenziwe walikuwa wamekwisha kuitawala Tanganyika, na katika miaka hiyo hiyo walijenga hospitali yao ukingoni mwa bahari hapa Dar es Salaam. Daktari mashuhuri Robert Koch alifika na kufanya uchunguzi wake katika mji huu. Jengo lile lenye minara na baraza pana lingali limesimama mpaka leo, na ndilo makao ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopewa madaraka ya kujiendesha kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipokuwa mahali pekee katika nchi nzima ambapo mgonjwa wa saratani aliweza kupata mionzi. Mtu wa Kigoma, mtu wa Bukoba, mtu wa Songea na mtu wa Lindi, wote njia yao ilikuwa moja. Mwaka 2018 mitambo ya umeme ijulikanayo kwa jina la LINAC ilianza kutumika pale, nayo ilikuwa hatua kubwa. Sasa Hospitali ya Bugando mjini Mwanza nayo hutoa tiba ya mionzi kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ilifungua jengo la tiba ya saratani mwaka 2016, wakaanza na dawa, na ujenzi wa vyumba vya mionzi ukafuata baadaye.

Mfuatano huo wa Moshi wafaa kuangaliwa. Dawa za saratani zaweza kutolewa katika chumba chochote safi chenye viti, vitanda na wauguzi waliofunzwa. Mionzi haiwezi. Mionzi yataka nyumba yake yenyewe, na nyumba hiyo haifanani na nyingine yoyote hospitalini.

Tuieleze kwa lugha nyepesi. Ziko namna mbili za mashine zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya kobalti, ambayo ndani ya kichwa chake cha risasi na chuma kimefungiwa kipande cha madini ya kobalti kinachotoa mionzi usiku na mchana, mtu atake asitake. Nguvu ya kipande hicho hupungua nusu kila miaka mitano na miezi michache, na kwa hiyo hakina budi kubadilishwa. Kisipobadilishwa, mgonjwa aliyekuwa akilala kitandani dakika mbili hulazimika kulala nne, na foleni ya nje hurefuka mara mbili. Ya pili ni LINAC, ambayo haina kipande cha namna hiyo. Hiyo hutengeneza mionzi kwa nguvu ya umeme, na umeme ukizimwa mionzi nayo hukoma. Mionzi ya LINAC ni mikali zaidi, hufika ndani zaidi, na yaweza kuelekezwa kwa usahihi zaidi pasipo kuumiza viungo vya jirani.

Sasa njooni kwenye zege. Mionzi ya kobalti hupungua hadi sehemu moja ya kumi kila inapopita katika unene wa sentimeta 21 hivi za zege. Kuipunguza hadi sehemu moja ya milioni twahitaji tabaka sita za namna hiyo, yaani ukuta wa mita moja na robo. Kwa LINAC ya volti milioni 6, tabaka ya kwanza ni sentimeta 37 na zinazofuata ni 33 kila moja. Ukijumlisha sita utapata mita mbili. Kwa LINAC ya volti milioni 15, hesabu hiyo hiyo yatupa karibu mita mbili na nusu. Unene hasa wa kila ukuta hutegemea mambo mengi: idadi ya wagonjwa watakaotibiwa kwa juma, umbali kutoka mashine hadi ukutani, upande ambao mwale utaelekezwa mara kwa mara, na tena nyuma ya ukuta kuna nini. Kama nyuma yake kuna kiwanja kisichokaliwa na mtu, hesabu ni nyingine. Kama kuna ofisi ya karani anayekaa saa nane kila siku, hesabu ni nyingine kabisa.

Hapo ndipo shabaha ya maneno yetu ilipo. Mjenzi akipewa amri ya kujenga chumba cha kobalti, atajenga kuta za mita moja na robo, naye atakuwa hakukosea. Lakini miaka 15 baadaye, nchi itakapokuwa na uwezo wa kununua LINAC, chumba kile kitakuwa kimefungwa mlango mbele ya mashine mpya. Kuongeza zege kwa ndani hupunguza nafasi ya mtambo kuzunguka. Kuongeza kwa nje yataka kiwanja, na kiwanja cha hospitali zetu za mijini huwa kimekwisha kujengwa wodi, stoo na maegesho ya magari. Mara nyingi mwisho wake ni kujenga upya. Aliyeokoa mita moja ya zege leo amemwachia mwanawe deni la jengo zima.

Wala hatusemi kwamba mashine ya kobalti ni ya kudharauliwa. Ni imara, haina mambo mengi, haidai umeme mwingi, na fundi wake hupatikana kwa urahisi kuliko fundi wa LINAC. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kobalti yaweza kuwa imetibu watu mia wakati LINAC imelala ikisubiri kipuri. Tunachosema ni kwamba hata pale tunapoanza na kobalti, kuta zijengwe kwa kipimo cha mashine kubwa tunayoitazamia. Gharama ya zege la ziada, ikilinganishwa na bei ya mtambo wenyewe, haistahili kutufanya tusite.

Kazi yenyewe ya kumwaga zege hilo si ya kumpa mtu kwa sababu tu amejenga maghala mengi. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,350 hivi. Kipande cha ukuta chenye unene wa mita 2.4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 4 kina uzito wa tani 90, na hicho ni kipande tu, hatujataja dari, ambayo nayo yapaswa kuwa nene kwa kuwa mwale huelekezwa juu pia. Kwa hiyo msingi hauna budi kupimwa kwa uzito huo. Saruji inapogandamana hutoa joto, na katika ukuta mnene kiasi hicho joto la ndani haliwezi kutoka upesi. Ndani kunachemka, nje kumepoa, na zege hupasuka. Katika hali ya hewa ya pwani yetu, wajenzi wenye busara humwaga zege usiku, hupoza maji ya kuchanganyia, na hulimwagilia maji kwa siku nyingi baadaye. Hulimwaga bila kukatiza. Wakisimama kwa kuwa lori la kokoto limechelewa, zege la jana litakuwa limekauka wakati la leo linapowekwa juu yake, na kati yao hubaki mshono. Katika nyumba ya kuishi mshono huo hufunikwa kwa lipu na rangi. Hapa ndipo mionzi hupata mahali pa kupenya.

Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika jengo hili hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukuta ndio uliokwisha kujengwa, na ufa hauonekani. Mfuko mmoja wa hewa uliobaki ndani kwa kuwa kibarua alichoka kutetemesha zege, kokoto zilizojikusanya pamoja bila saruji ya kutosha, kipande cha mbao kilichosahauliwa, yote hayo hayatajulikana mpaka siku mashine itakapowashwa na vipimo kupitishwa upande wa pili. Ndiyo maana msimamizi wa ujenzi sharti awepo kila saa ya kumwaga, na sampuli za zege zipimwe uzito pamoja na nguvu. Zege laweza kuwa na nguvu ya kubeba ghorofa na bado likawa jepesi mno kuzuia mionzi.

Tena kuna matundu. Chumba chahitaji umeme, maji ya kupozea mtambo, hewa baridi, na njia ya nyaya za vipimo. Fundi bomba aliyezoea kazi zake atachukua tindo na kutoboa ukuta kwa njia iliyo fupi. Katika chumba cha mionzi kila tundu hupangwa kwenye ramani kabla zege halijamwagwa, hupitishwa kwa mshazari, tena mahali ambapo mwale wa mashine hauelekei kamwe. Hewa hupitishwa juu ya ujia ule uliopinda. Na huo ujia, unaowashangaza wageni siku ya sherehe, umewekwa kwa sababu mionzi iliyotawanyika hudhoofika kila inapogonga ukuta. Ikipita kona moja au mbili, inayofika mlangoni ni kidogo, na mlango waweza kuwa mwepesi kiasi cha kufunguliwa na muuguzi mmoja. Kwa mitambo iliyozidi volti milioni 10 huzaliwa pia chembe ziitwazo neutroni, na kwa hizo mlango hutiwa plastiki maalumu yenye boroni pamoja na risasi. Kwa hiyo ramani ya mwashi na ramani ya mtaalamu wa fizikia ya tiba hazina budi kuchorwa meza moja. Ikiwa mtaalamu huyo ataletwa baada ya jengo kwisha, ataletwa kutazama makosa.

Twaja sasa kwenye jambo ambalo majirani zetu wa Uganda walifundishwa kwa uchungu. Hospitali ya Mulago mjini Kampala ilikuwa na mashine moja ya kobalti, iliyoanza kazi katika miaka ya 1990, nayo ndiyo iliyokuwa pekee kwa nchi nzima. Wagonjwa kutoka nchi za jirani nao walikuwa wakiitegemea. Mapema mwaka 2016 ikaharibika kabisa isiweze kutengenezeka. Siku ile nchi yenye watu wapatao milioni 40 ikawa haina mionzi. Wenye fedha walisafiri. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400, na hilo ni jambo la kushukuriwa sana. Lakini 400 si wote, na nauli na malazi ya Nairobi si ya kila mtu. Tiba ilirudi Kampala mwanzoni mwa mwaka 2018, kwa mashine mpya iliyonunuliwa kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Karibu miaka miwili ilikuwa imepita.

Watu wengi walisema kosa lilikuwa mashine kuu kuu. Sisi twaona kwamba mashine yoyote itakufa siku moja, na hilo halipaswi kumshangaza mtu. Msiba ulikuwa kwamba hapakuwa na chumba cha pili. Kama kungekuwa na chumba kingine kilichojengwa na kukauka, mashine mpya ingefungwa humo huku ile ya zamani ikiendelea kufanya kazi mpaka pumzi yake ya mwisho. Mtambo waweza kuagizwa na kufika kwa miezi michache. Kuta za mita mbili hazisafirishwi kwa meli. Lazima zichorwe, ziidhinishwe, zimwagwe na ziachwe zikauke papo hapo. Waganda wenyewe walilitambua jambo hilo, na Taasisi yao ya Saratani baadaye ikapata jengo jipya lenye vyumba kadhaa vya mionzi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba hospitali yoyote ya kanda itakayojengewa kituo cha mionzi ijengewe vyumba viwili kwa uchache, hata kama mashine iliyopo ni moja. Twajua jibu litakalotolewa. Mtunza hazina atasema kwamba chumba kitupu ni ufujaji wa fedha za umma, na kwamba mkaguzi wa hesabu atauliza kwa nini zege la mamia ya mita za ujazo limekaa bila kazi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika nchi ambayo zahanati nyingine hazina maji. Lakini vyumba viwili vinavyopakana hutumia ukuta mmoja katikati, tena ule ulio mnene kuliko yote, na mkandarasi mmoja, na ramani moja, na kibali kimoja. Chumba cha pili kikijengwa pamoja na cha kwanza ni nafuu. Kikijengwa peke yake baada ya miaka kumi, kando ya chumba ambamo wagonjwa wanatibiwa, ni ghali na ni adha.

Wengine watasema fedha hizo zingefaa zaidi kutumika katika kuzuia ugonjwa. Kuzuia ni jambo jema, nasi twaliunga mkono. Tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Lakini msichana aliyechanjwa mwaka ule akiwa na miaka 14 atafika umri ambao saratani hii huwapata wengi baada ya mwaka 2040. Mama yake hakuchanjwa. Shangazi yake hakuchanjwa. Kwa hao, jengo ndilo jibu lililobaki.

Mwaka 2022 Shirika la Nguvu za Atomiki lilitangaza mjini Addis Ababa mpango wa kuzisaidia nchi zisizo na tiba ya mionzi au zilizo nayo kidogo, na wakati huo nchi zaidi ya 20 za Afrika zilikuwa hazina hata mashine moja. Katika misaada ya namna hii desturi ni kwamba mfadhili hutoa mtambo na mafunzo, na nchi yenyewe huandaa jengo. Basi mtambo twaweza kupewa; ukuta ni juu yetu. Na mtambo ukifika bandarini wakati zege halijakauka, hukaa ndani ya makasha katika joto na chumvi ya pwani, huku muda wa dhamana ya mtengenezaji ukiendelea kuhesabiwa.

Kuna sehemu nyingine ya jengo ambayo wahandisi hawaiweki katika ramani, kwa sababu haina mionzi. Tiba hii haitolewi mara moja. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, kwa kawaida, huja kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa majuma matano au zaidi. Kila siku hulala kitandani dakika chache tu. Hahitaji wodi, maana anatembea na kula mwenyewe. Anahitaji mahali pa kulala. Aliyetoka Sumbawanga hana nyumba Dar es Salaam. Akiwa na bahati ana ndugu Mbagala au Gongo la Mboto, katika chumba kimoja chenye watu watano, naye kila alfajiri apande daladala mbili hali tumbo linamsumbua na nguvu zimemwishia. Ikifika juma la tatu nauli imekwisha, mazao huko nyumbani yamekaribia kuvunwa, na maumivu yamepungua kidogo. Anaona amepona. Anaondoka. Mionzi iliyokatizwa njiani huupa ugonjwa nafasi ya kurudi, na fedha zote zilizotumika katika zege, kobalti na umeme zimepotea kwa kukosa kitanda na sahani ya ugali.

Twasema basi kwamba hosteli ya wagonjwa ihesabiwe ndani ya gharama ya jengo la mionzi, ichorwe siku moja nalo, na isiachiwe wafadhili wenye huruma kuja kuifikiria baadaye. Iwe na jiko, iwe na mahali pa kufulia nguo, na iwe na nafasi ya ndugu mmoja wa kumsindikiza mgonjwa, maana katika mila zetu mgonjwa haachwi peke yake. Nyumba ya namna hiyo ni ya matofali ya kawaida, na gharama yake kando ya mtambo ni ndogo sana.

Yako pia maneno ya majirani. Mahali pengi wananchi wakisikia neno mionzi huogopa, na wengine husema mimba zitaharibika na visima vitatiwa sumu. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuwacheka. Waelezwe kwamba ukuta hupimwa ili mtu aliye nje asipate zaidi ya milisiveti moja kwa mwaka kutokana na kituo, na kwamba kila binadamu duniani, hata aishiye kijijini mbali na hospitali yoyote, hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula chake. Waelezwe vile vile kwamba mgonjwa aliyetoka kwenye mashine hana mionzi mwilini mwake. Mkewe, mumewe na watoto wanaweza kumkumbatia. Kwa sheria zetu, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia mambo haya, na kibali chake hutafutwa kabla ya kujenga. Jengo likiisha, mtaalamu huzunguka na chombo cha kupimia, nje ya kila ukuta, mlangoni, juu ya dari, mpaka mahali wanapokaa wenye kuuza chai kando ya uzio. Twapenda matokeo ya vipimo hivyo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, mahali ambapo kila apitaye ataweza kuyasoma.

Mwisho, kila jengo lina siku yake ya kuhamwa. Katika mji wa Goiânia nchini Brazil, kliniki moja ya mionzi ilihamia mahali pengine mwaka 1985 ikaacha mashine yake ya zamani, yenye madini ya sesiamu, ndani ya jengo ambalo baadaye lilibomolewa nusu. Mwezi Septemba 1987 watu wawili waliokuwa wakitafuta chuma chakavu waliingia, wakaibeba, wakaivunja, na kipande kikauzwa kwa mwenye duka la vyuma. Unga uliokuwa ndani uling'aa gizani kwa rangi ya samawati, watu wakagawiana kama kitu cha kupendeza. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Watu 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo, 249 wakaonekana wamepatwa na madini hayo, na nyumba kadhaa zilibomolewa na udongo wake kuchotwa.

Watu wale wa Goiânia hawakuwa wajinga kuliko sisi. Vyuma chakavu hununuliwa kwa kilo katika kila mji wetu, na anayeuza hulala na njaa kama aliyeuza kule. Kwa hiyo katika mkataba wa kwanza kabisa, kabla lori la kwanza la kokoto halijapakua, iandikwe ni nani atakayechukua kipande cha kobalti kikichakaa, kitasafirishwa kwa fedha za nani, na ni ofisi gani itakayoshika ufunguo wa chumba siku wagonjwa watakapohamishiwa kwingine.